Somo: Rafiki wa Kweli

Aristotle, mwenye hekima wa Ugiriki ya kale (384–322 kabla ya Kristu), alifundisha ya kuwa urafiki ni wa namna tatu. Wa kwanza hutafuta faida. Wa pili hutafuta furaha. Wa tatu humtakia rafiki mema kwa ajili yake mwenyewe. Faida ikikoma, urafiki wa kwanza hukoma nao. Siku ya mshahara nyumba ya mchimba shaba hujaa wageni. Siku ya ugonjwa huenda akabaki mmoja tu.

Aristotle alisema tena: watu wakipitana mno kwa cheo, ni vigumu wawe marafiki. Lakini huko Kolwezi, tangu mwaka 1953, Padri Placide Tempels, Mfransiskani wa Ubelgiji, aliketi na wafanyakazi wa migodi na wake zao, akajifunza kwao. Ndipo ilipozaliwa Jamaa: watu wa makabila mbalimbali wakaitana baba na mama, pasipo kuwa wa damu moja.

Swali: Rafiki wa kweli ajulikanaje?
Jibu: Hututakia mema hata tusipokuwa na kitu cha kumpa.

Swali: Nasi tu marafiki wa nani kwa namna hiyo?
Jibu: Kila mkatekumeni ajijibu moyoni mwake.