Mwanga Unaoogopa Maji: Maswali Kuhusu Leza za Terahezi

Terahezi ni kitu gani?

Ni mawimbi ya ukoo mmoja na mawimbi ya redio na mwanga wa jua, yanayopiga kati ya mara bilioni 100 na trilioni 10 kwa sekunde. Chini yake yapo mawimbi ya simu, juu yake mwanga wa infraredi, ule unaobeba intaneti ndani ya Mkongo wa Taifa. Pande hizo mbili zilishazoeleka zamani. Katikati ndiko wataalamu walikokwama: saketi za redio hazipigi upesi kiasi hicho, na leza za kawaida za semikondakta haziwezi kushuka chini kiasi hicho.

Macho hayayaoni. Mawimbi haya yanapita kwenye nguo, karatasi, plastiki na mbao kavu. Kwenye maji hayapiti, na majibu kadhaa yanayofuata yanatokana na hilo.

Leza yenyewe inafanyaje kazi?

Aliyewahi kusimamia zamu ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, huku Machame ataielewa upesi. Maji yanatoka mlimani na kushuka kihamba kwa kihamba, na kila yanapoanguka yangeweza kuzungusha gurudumu. Maji ni yale yale, kazi inafanyika mara nyingi. Ndani ya leza hii elektroni ndiyo maji. Tabaka mamia kadhaa za semikondakta zenye galiamu, aseniki na aluminiamu, kila moja ikiwa na unene wa nanomita chache tu, hupangwa zikawa ngazi. Umeme ukipita, elektroni inashuka daraja moja baada ya jingine, na kila daraja inatoa fotoni moja. Kimo cha daraja ndicho kinachoamua aina ya mwanga, kwa hiyo mhandisi anachagua mawimbi anayoyataka kwa kupima unene wa tabaka.

Wazo hilo lilitolewa na Warusi wawili, Kazarinov na Suris, mwaka 1971. Leza ya kwanza ya namna hiyo iliwaka mwaka 1994 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao, ila mwanga wake ulikuwa infraredi. Ya terahezi ilipatikana mwaka 2002 kwa ushirikiano wa watafiti wa Pisa, Italia, na Cambridge, Uingereza. Nayo ilikuwa na masharti makali: joto likizidi nyuzi 223 chini ya sifuri, inazimika.

Sababu ni udhaifu wa fotoni yenyewe. Madaraja ya terahezi ni mafupi mno, kiasi kwamba joto la kawaida la chumba linazirusha elektroni hovyo na zinashuka bila kutoa mwanga. Karibu miaka 20 ilitumika kupambana na tatizo hilo moja. Mwaka 2019 kundi la ETH Zurich, Uswisi, lilifika nyuzi 63 chini ya sifuri. Mwaka 2020 kundi la Qing Hu wa MIT, Marekani, likafika nyuzi 23 chini ya sifuri, baridi iliyozidi kidogo tu ile ya friza ya duka la samaki. Hapo heliamu ya kimiminika haihitajiki tena, kinatosha kipozeo kidogo cha umeme. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa ya fani hii, kwa sababu kifaa kinachodai heliamu ni vigumu kukitoa maabara.

Ni mionzi ya hatari kama eksirei?

Hapana. Fotoni ya terahezi 1 ina nishati ya takriban elektrovolti 0.004. Kung'oa elektroni kwenye molekuli ya mwili kunahitaji elektrovolti kama 10, na eksirei ya hospitali ina makumi ya maelfu. Terahezi inaweza kupasha joto tu, ingawa leza yenye nguvu inaunguza, iwe ya aina gani. Mwenye maswali ya usalama wa mionzi hapa nchini anapaswa kwenda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyopo Arusha.

Mkulima wa kahawa atafaidika na nini?

Hapa kule kuogopa maji kunageuka faida. Jani la mbuni linaweza kubaki kijani huku limeshaanza kukauka ndani, na mkulima anapoona limelegea, mche umeshateseka. Njia ya kawaida ya kupima maji ya jani ni kulichuma, kulipima uzito, kulikausha kwenye oveni, kisha kulipima tena. Jani limekwisha. Watafiti wa Braunschweig, Ujerumani, walipitisha terahezi kwenye majani ya arabika yakiwa bado mtini: kadiri jani lilivyokauka, ndivyo mawimbi yalivyopita kwa wingi. Walitumia mipigo mifupi ya terahezi, si leza tunayoizungumzia, na bei ya mitambo hiyo bado ni ya maabara. Ikishuka, pa kwanza ningependa kuuona mtambo huo ni taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungu.

Na hospitalini?

Uvimbe wa kansa ya ngozi mara nyingi una maji mengi kuliko ngozi nzima iliyo jirani, kwa hiyo terahezi inaweza kumwonyesha daktari wa upasuaji mpaka wa kukata. Utafiti huo ulianza Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unatuhusu kwa karibu: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kinahudumia watu wenye ualbino, ambao wako katika hatari kubwa ya kansa ya ngozi, na mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua yalianza kutengenezwa hapo. Lakini mwili ni maji. Terahezi haizami hata milimita moja, hivyo ini, figo na mifupa haitaiona kamwe.

Mbona wanaastronomia wanaisifu sana?

Kwa sababu waliukimbia unyevu. Ukungu unaotunza msitu juu ya Machame ungemeza mawimbi haya kabla hayajafika mbali. NASA na wenzao wa Ujerumani walipachika darubini ya SOFIA kwenye ndege ya Boeing 747 iliyoruka zaidi ya kilomita 12 juu, mara mbili ya kimo cha Kibo, ambako mvuke wa maji karibu umekwisha. Wakiwa na leza ya terahezi 4.7 walikuta atomu za oksijeni kwenye anga ya sayari ya Zuhura, pande zote mbili, ya mchana na ya usiku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023.

Vile vifaa vya tiba vinavyouzwa kwa jina la terahezi?

Vingi vinafanana na kikaushia nywele, na wauzaji wanadai vinatibu kisukari, presha na kansa za ndani. Kila kitu chenye joto hutoa terahezi kidogo, hata figa la jikoni na mkono wako mwenyewe, kwa hiyo neno hilo kwenye boksi halithibitishi kitu. Muulize muuzaji namba ya usajili ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kisha uihakikishe kwao. Dawa ulizoandikiwa usiziache. Na mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni asielekezewe hewa ya moto ya kifaa chochote, maana ataungua bila kuhisi.