Kifaa "kinacholingana" katika mkataba wa nyumba: Nani anayepima?

"MWALIMU, njoo uwe shahidi wetu." Ndivyo nilivyoitwa mwaka juzi baada ya swala ya Isha, hapa Kahama, na ndugu wawili tunaoswali nao safu moja. Mmoja ni mfanyakazi wa mgodini, ambaye hukaa kazini wiki kadhaa ndipo apate siku chache za kurudi nyumbani. Mwingine ni fundi ujenzi, mtu wa watu na mwenye kazi nzuri. Walikuwa wanaandikiana mkataba wa nyumba ya vyumba vitatu, ufundi na vifaa vyote juu ya fundi, malipo kwa awamu nne.

Nikawapongeza. Nikawakumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqarah, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ambayo Allah (s.w.) ameiteremsha kutufundisha kuandikiana na kuweka mashahidi katika madeni. Kisha nikatia saini. Sikuusoma mkataba wenyewe.

Laiti ningeusoma, ningekiona kipengele cha tisa. Kilisema kwamba kifaa kisipopatikana, fundi anaweza kuweka kingine kinacholingana nacho. Maneno machache tu. Lakini miezi saba baadaye maneno hayo yaliwafanya ndugu wawili wasitoleane salamu.

Kilichotokea

Mwenye nyumba alirudi kutoka kazini akakuta nyumba imeshapauliwa. Mkataba ulitaja bati la geji 28, juu kuna geji 30. Mkataba ulitaja nondo za milimita 12 kwenye lenta, akaambiwa na kibarua kwamba zilizoingia ni za milimita 10. Akakataa kutoa awamu ya mwisho. Fundi naye akasema, "Nimevunja nini? Soma kipengele cha tisa. Geji 28 haikuwepo mjini wiki ile, na mvua ilikuwa inakuja. Bati ni bati." Akaongeza jambo ambalo nasi tulilithibitisha: awamu ya tatu ilichelewa miezi miwili, na katika miezi hiyo bei zilipanda.

Shauri likaletwa msikitini, na shahidi ni mimi. Nikaulizwa, "Mwalimu, mlipoandika 'kinacholingana' mlikusudia nini?" Sikuwa na jibu.

Je, bati ni bati?

Ndugu msomaji, wengi wetu hatuvijui vipimo hivi. Kwenye bati, namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba zaidi. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na geji 32 ni nyembamba kuliko zote hizo. Nimekutana na watu wazima waliouziwa geji 32 wakifurahi kwamba wamepata "namba kubwa".

Nondo nazo, ukitazama kwa macho, ya 12 na ya 10 zinakaribiana. Lakini nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7, na ile ya milimita 10 ni kama kilo 7.4. Maana yake karibu asilimia 30 ya chuma imeondoka. Saruji ni hivyo hivyo. Mfuko wa kilo 50 ulioandikwa 32.5 na ule ulioandikwa 42.5 havina nguvu sawa, ingawa rangi na uzito ni uleule.

Kwetu Shinyanga na Geita kuna la ziada. Mchwa hawamwogopi mtu, kwa hiyo mbao ya kenchi iliyotiwa dawa hailingani na isiyotiwa, hata kama zote zimekatwa mti mmoja. Mchanga wa mtoni nao haulingani na mchanga wa marudio uliokwishaoshewa dhahabu, ambao huenda umebeba zebaki. Na sote tunakumbuka Mwakata, wilayani Kahama, Machi 2015, mvua ya mawe ilipoangusha nyumba na kuua watu zaidi ya 40. Wale walikuwa wanyonge, nyumba zao nyingi zikiwa za udongo, na simhusishi fundi yeyote na msiba ule. Ninalosema ni kwamba katika kanda hii mvua na upepo huja kuikagua nyumba, na havisomi mkataba.

Fiqhi inasemaje?

Mkataba wa kumwagiza mtu akutengenezee kitu kwa vifaa vyake wanazuoni wanauita istisnaa. Mahanafi waliukubali kama mkataba unaojitegemea, kwa kuwa watu wanauhitaji. Mashafii, ambao ndio wengi wetu Afrika Mashariki, waliurudisha kwenye hukumu za salam, yaani bei ilipwe mwanzoni na kitu kielezwe sifa zake. Mwaka 1992, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah liliamua kwamba istisnaa unazifunga pande zote mbili, na kwamba malipo yanaweza kuwa ya awamu, ila kwa masharti: aina ya kitu, kiasi chake na sifa zake zibainishwe, na muda upangwe.

Utaona kwamba madhehebu yametofautiana juu ya malipo, lakini katika kubainisha sifa yamekubaliana. Asili yake ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) alipofika Madina na kuwakuta watu wakilipia tende kabla ya mavuno. Hakuwakataza. Aliwataka wawe na kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana.

Sasa kipengele cha kubadilisha vifaa chenyewe ni haramu? La. Waislamu wanafungwa na masharti waliyowekeana, madhali hayahalalishi haramu wala hayaharamishi halali. Kifaa kinaweza kukosekana kweli, na fundi hawezi kusimamisha vibarua mwezi mzima. Ubaya ni kuliacha neno "kinacholingana" bila kipimo. Hapo inaingia gharar, kila mmoja anauza na kununua asichokijua. Na fundi akibadilisha kimya kimya, plasta ikafunika, hapo tumetoka kwenye gharar tumeingia kwenye ghushi. Tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) kuingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini. Yule muuzaji alikuwa na udhuru wa mvua. Hata hivyo aliulizwa kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone.

Kiandikwe vipi?

Baada ya shauri lile, mikataba yote ninayoitiwa nataka kipengele hiki kiwe na mambo matano:

1. Sababu. Kubadilisha kuwe kwa kukosekana kifaa, na itajwe ni maduka gani yaliyoulizwa. Kupanda kwa bei kuwe na kipengele chake peke yake.

2. Kipimo. Badala ya "kinacholingana" iandikwe geji, milimita, daraja la saruji, aina ya mbao na alama ya ubora ya TBS.

3. Ridhaa kabla ya kufunga. Fundi atume ujumbe wa simu, mwenye nyumba ajibu ndani ya siku tatu. Akinyamaza, fundi asubiri, na siku hizo ziongezwe kwenye muda wake wa kazi ili asidhulumiwe.

4. Tofauti ya bei. Kikiwa rahisi zaidi, kinachobaki kirudi kwa mwenye mali. Kikiwa ghali, wakubaliane kwanza nani anaongeza. Risiti zitunzwe.

5. Visivyoguswa. Nondo, saruji na mbao za kenchi visibadilishwe bila mtu mwenye elimu ya ujenzi kuona na kuandika.

Mwenye nyumba naye aandikiwe wajibu wake: akichelewesha awamu, hasara ya bei ni yake. Dhuluma haitoki upande wa fundi peke yake.

Sheria ya nchi hailipingi hili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahitaji ridhaa huru ya pande zote, na mwenye kuvunja mkataba anadaiwa fidia.

Tulivyomaliza

Kwa ndugu zetu wale, tulikaa siku mbili. Fundi alikubali kurudisha tofauti ya bei ya bati. Mwenye nyumba alikubali kubeba ongezeko lililotokana na kuchelewa kwake. Mhandisi tuliyemwita aliagiza nguzo mbili ziongezwe chini ya lenta ya barazani, wakagawana gharama. Alhamdulillah, wanasalimiana. Lakini bati la geji 30 bado liko juu, na kila wingu jeusi likipanda namfikiria yule mama na watoto waliolala chini yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimejifunza kwamba daftari lisilosomwa haliikoi mali. Ukiitwa kuwa shahidi, usitangulize kalamu. Omba mkataba usomwe kwa sauti, na wakifika kwenye neno "kinacholingana", uliza: kwa kipimo gani, na nani atapima?

Wabillahi tawfiq.