Vidukari Kwenye Miche ya Michungwa

Mvua zikinyesha, miche iliyo kwenye viriba huchipua kwa kasi, na vidukari (wengi huwaita wadudu mafuta) hufuata machipukizi hayo. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wenye vitalu vya michungwa, milimau na mindimu.

Majani machanga yanajikunja na kunata. Ni ugonjwa?

Ligeuze jani kwanza. Ukikuta wadudu laini, weusi au wa kahawia, wamebanana upande wa chini na kwenye ncha ya chipukizi, hao ni vidukari wakinyonya utomvu. Utomvu una sukari nyingi na protini kidogo, kwa hiyo hunyonya sana na kuitoa sukari inayozidi. Hiyo ndiyo inayonata. Baadaye huota ukungu mweusi juu yake. Ukungu huo hauli jani, ila hulinyima mwanga; wadudu wakiisha, utaufuta kwa kitambaa chenye maji. Vitu vyeupe vilivyotapakaa juu ya majani si mayai, ni ngozi walizojivua.

Walikuwa wachache tu. Wamejaa lini?

Katika joto letu majike huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai. Mtoto huzaliwa akiwa na viinitete tumboni tayari, na baada ya wiki moja hivi naye anazaa. Ndiyo maana nasisitiza kukagua kitalu mara mbili kwa wiki. Wakibanana mno, huzaliwa wenye mabawa, na hao huhamia viriba vya jirani.

Sisimizi wanaopanda kwenye miche wanawala vidukari?

Wengi wao wanawalinda! Wanataka ile sukari, na kwa ajili yake huwafukuza maadui wa vidukari. Mkulima anayepuliza dawa huku akiwaacha sisimizi wapande atarudia kazi hiyo msimu mzima. Viweke viriba juu ya kichanja, kila mguu wa kichanja uwe ndani ya kopo la maji yenye oili chafu kidogo, na majani yasiguse ukuta wala nyasi.

Sisimizi wakishazuiwa, tazama miche kwa utulivu. Utaona mbawakawa wa mviringo wenye madoa, na watoto wao warefu weusi ambao watu huwaua wakidhani ni wadudu waharibifu. Waache, wanakula vidukari. Utaona pia vidukari waliovimba, wakavu, rangi ya kahawia, wasiojongea: ndani yao amekulia nyigu mdogo sana. Mche wenye wengi wa namna hiyo usiupulizie chochote.

Dawa ipi basi?

Kwa viriba vichache, anza na vidole: wakamue vidukari kwenye ncha, kisha osha jani kwa maji. Wakizidi, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji katika lita 1 ya maji. Usitumie sabuni ya unga, huunguza majani machanga. Jaribu kwenye miche miwili mitatu na usubiri siku moja. Puliza jioni, chini ya majani, hadi yachuruzike, kwa sababu sabuni humuua tu yule inayemgusa ikiwa mbichi. Rudia baada ya siku tano. Pwani, maji ya kisima yenye chumvi huidhoofisha sabuni. Tumia ya mvua.

Punguza pia urea. Mche ulioshindiliwa naitrojeni hutoa majani laini ambayo vidukari huyapenda mno.

Kwa nini nihangaike hivyo na mdudu mdogo?

Kwa sababu vidukari wa michungwa husambaza kirusi cha tristeza, na mmoja anaweza kukibeba baada ya kunyonya mti mgonjwa kwa dakika au saa chache tu. Kirusi hiki kiliua mamilioni ya michungwa Brazili na Ajentina kuanzia miaka ya 1930, hasa iliyobebeshwa juu ya midanzi. Hakina dawa. Kwa hiyo usibebeshe juu ya mdanzi, usikate vikonyo kwenye mti uliodumaa, na mche unaonyauka wakati wenzake kwenye kichanja hichohicho wana afya, ung'oe na uuchome. Usiuuze, hata kwa bei ya kutupa.