SOMO LETU: UKUTA WA MAWE UNAPOPINDUKA



Wengi wetu kutoka West Nile tumejulikana kwa miwa ya Kakira na Lugazi. Lakini barabara ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92 kupitia Arua na Koboko, haikutiwa lami bila kokoto, na kokoto hazipatikani bila mtu kusimama chini ya ukuta wa mawe. Mtu huyo ni mwenzetu.

Miamba ya huko ni naisi, mawe ya kale sana yenye matabaka. Matabaka yakilalia upande wa shimo, jiwe huteleza. Hilo kila mchimbaji analijua. Hatari isiyotazamwa ni matabaka yaliyosimama, miguu ndani ya kilima na vichwa vimeelekea shimoni. Hayo hupinduka.

Chukua tofali nene sentimita 7, refu sentimita 21. Lisimamishe juu ya ubao, kisha inua ubao polepole. Unapopanda sentimita 1 kwa kila 3 za usawa, tofali linaanguka kifudifudi kabla ya kuteleza. Lilaze: sasa litateleza tu. Kwa hiyo bamba jembamba na refu ndilo la kuogopwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Toa mwinamo wa ukuta katika 90, ongeza nyuzi za msuguano wa mawe. Ukuta wa nyuzi 80 unabakiza 10; msuguano ukiwa 30, jumla ni 40. Matabaka yanayoingia kilimani kwa zaidi ya nyuzi 40 yanaweza kupinduka. Ukuta ukilazwa hadi nyuzi 60, kikomo kinapanda hadi 60. Ndiyo sababu tunapinga kuchimba wima, na zaidi kutoboa chini, ingawa msimamizi hupenda hivyo kwa kuwa mawe hutoka upesi.

Mvua ikijaza nyufa, maji husukuma mabamba nje. Basi pigeni vigingi viwili juu ya ukuta, kimoja kila upande wa ufa, mpime kila asubuhi na kuandika. Nafasi ikiongezeka, au vijiwe vikianza kudondoka, tokeni wote, na wanaoponda kokoto chini pamoja na watoto wao.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda, ya mwaka 2006, inamruhusu mfanyakazi kuondoka penye hatari ya karibu. Daftari la vipimo likae kwa mjumbe wenu, si kwa msimamizi.