Upepo wa Mipira Katika Mchanga

Madereva wengi wakiingia katika mchanga mwingi hukanyaga mafuta kwa nguvu, wakidhani ya kuwa gari litatoka kwa kishindo. Kumbe gurudumu huzunguka pale pale, likajichimbia shimo, hata gari likalalia tumbo. Sisi tuliliona jambo hili katika korongo kavu karibu na Lodwar, nchi ya Turkana. Gari dogo la mizigo lilikuwa limemchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, nalo likakwama tangu alfajiri. Tulikata matawi, tukasukuma, tukachoka. Jua lilipopanda akapita mzee mmoja, akaigonga mipira kwa fimbo, akasema, "Wanangu, mbona ngumu kama jiwe? Toeni upepo." Tukautoa, tukafukua mchanga mbele ya magurudumu, na gari likatoka. Haya tulituona sana, maana geji ilikuwamo garini siku zote.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Gurudumu likichukua uzito wa ratili 900, na upepo wake ni ratili 45 kwa kila inchi mraba, mpira hukanyaga ardhi kadiri ya inchi mraba 20. Upepo ukishuka hata 25, hukanyaga kadiri ya 36. Alama yake huwa ndefu, na mchanga haudidimii upesi. Tazama wayo mpana wa ngamia, kisha tazama kwato za punda.

Basi simama kabla ya kuingia mchangani, upunguze magurudumu yote manne sawasawa. Kwa gari kama hilo, anza kwa ratili 28. Likizama, shuka hata 20. Zaidi ya hapo ni hatari, kwani mpira waweza kuchomoka katika chuma chake, hasa ukikata kona kwa ghafula. Nenda polepole bila kusitasita, wala usifunge breki kwa nguvu. Liache gari lisimame lenyewe.

Njia ya mawe ina kanuni nyingine. Punguza kidogo tu, kwa sababu mpira uliolegea hutokeza mbavu zake nje, na jiwe kali huzipasua.

Ukifika barabara ngumu, jaza upepo tena kabla ya kwenda mbio. Mpira mlegevu hujikunja kila mzunguko, ukapata moto, na mwisho hupasuka. Kwa hiyo asiye na pampu garini asitoe upepo, isipokuwa amekwama kabisa. Naye akiisha kutoka, na aende mwendo wa pole mpaka apate pa kuujaza.