ELIMU KWA UMMA: Meli Kubwa Haiwezi Kukukwepa

Ukisimama katika bustani ya Mama Ngina, Mombasa, utaona meli ikipita karibu kiasi cha kusoma jina lake. Inaonekana inakwenda polepole, na ni rahisi kudhani kwamba itasimama au itakwepa ikikuta mtumbwi mbele yake. Sivyo. Somo hili linaeleza sababu, na namna mvuvi, nahodha wa mashua na abiria wa feri wanavyoweza kujikinga.

Njia ya meli ni nyembamba

Jina Kilindini latokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Hata hivyo, si maji yote ya bandari yana kina hicho. Lango la kuingilia lina miamba pande zote mbili. Ukishalipita, mkono wa kulia unaelekea Bandari ya Kale, na wa kushoto unapita Likoni hadi Kilindini. Njia hii ya Kilindini ilichimbwa hadi kina cha mita 15 katika mradi uliokamilika mwaka 2012. Meli kubwa iliyosheheni ikitoka nje ya njia hiyo itakwama.

Njia huonyeshwa na maboya. Meli inapoingia kutoka bahari kuu, maboya mekundu huwa kushoto kwake na ya kijani kulia. Inapotoka, huwa kinyume. Meli kubwa huongozwa na rubani wa bandari. Siku hizi neno rubani tunalihusisha na ndege, lakini asili yake ni mwongoza chombo baharini.

Kwa nini haiwezi kukukwepa

1. Haisimami upesi. Hata injini ikirudishwa nyuma, meli kubwa yaweza kuendelea kuserereka zaidi ya kilomita moja.

2. Haikuoni. Kanuni za kimataifa zinakubali eneo lisiloonekana mbele ya omo lifike hadi mita 500. Upana wa mkondo wa Likoni ni karibu mita hizo hizo. Mtumbwi ulio mbele ya meli waweza kuwa umefichika kabisa machoni pa rubani.

3. Haina pa kugeukia. Pembeni ni maji mafupi na miamba.

Kwa sababu hizo, Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinasema kwamba katika mkondo mwembamba, chombo chenye urefu wa chini ya mita 20, chombo cha tanga na chombo kinachovua visizuie meli isiyoweza kupita kwingine. Wala mtu asikatize mkondo ikiwa atazuia meli hiyo.

Sikiliza honi, tazama taa

• Mlio mfupi mmoja: nageuka kulia.
• Milio mifupi miwili: nageuka kushoto.
• Milio mifupi mitatu: injini yangu inarudi nyuma.
• Milio mifupi mitano au zaidi, ya haraka: sielewi unachokusudia. Ukiisikia ukiwa mkondoni, ondoka njiani mara moja.

Usiku, meli huwa na taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia. Ukiona moja tu, unaona ubavu wake. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, inakujia moja kwa moja.

Mambo ya kuzingatia

• Usitege nyavu wala kutia nanga kati ya maboya ya njia ya meli.
• Ukivuka, vuka moja kwa moja na upesi. Usifuate njia kwa mshazari.
• Usikatize mbele ya omo. Ngoja meli ipite, kisha uvuke nyuma ya tezi ukikaa mbali na mawimbi yake.
• Mtumbwi wa makasia uwe na tochi au taa nyeupe, tayari kuonyeshwa mapema.
• Vaa jaketi la kuokolea, hata kama wajua kuogelea.

Kwa abiria wa feri

Feri inapochelewa kung'oka huku meli ikipita, nahodha anafanya kazi yake. Usimpigie kelele aondoke, wala usisukumane kupanda feri iliyojaa. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliyojaa kupita kiasi ilipinduka, na watu 272 wakapoteza maisha. Dakika kumi za kungoja hazilingani na msiba kama huo.

Wazee wa ufuo na viongozi wa BMU wanaombwa kulisoma somo hili pamoja na vijana wanaoanza uvuvi. Wakati wa dharura, piga simu 999 au 112. Mwenye redio ya VHF atumie chaneli ya 16.