Kuchagua Valvu ya Rektifaya kwa Amplifaya ya Dynaco ST-70

Dynaco ST-70 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1959, ikiwa na EL34 nne za kutoa sauti na rektifaya moja, 5AR4, ambayo Ulaya huitwa GZ34. Mwongozo huu ni wa fundi aliyeletewa mashine hiyo ikiwa na rektifaya iliyokufa. Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa umeme na uhakikishe kwa mita kwamba kapasita zimeisha chaji. Humo hukaa zaidi ya volti 400.

Valvu kuingia kwenye soketi hakuthibitishi kwamba inafaa. 5U4GB na 5Y3GT huingia bila kulazimishwa, na hatari iko hapo. Zote hutumia filamenti ya volti 5, lakini 5AR4 huvuta ampia 1.9 ilhali 5U4GB huvuta 3. Transfoma ya ST-70 hupata joto kali hata ikiwa na valvu yake halali, basi usiidai ampia nzima ya ziada. Kwetu tahadhari hiyo ni kubwa zaidi: iliundwa kwa volti 117 na hezi 60, na transfoma ya kushusha umeme hupunguza volti tu, hezi hubaki 50, na joto huongezeka.

5Y3GT huvuta ampia 2 za filamenti, lakini uwezo wake wa kutoa DC ni miliampia 125. Kiwanda kilielekeza kila EL34 ipate miliampia 50, yaani 200 kwa zote nne hata kabla muziki haujaanza. Ikatae, hata mteja akiileta mwenyewe.

Kathodi ya 5AR4 hupata moto taratibu, hivyo volti kubwa hupanda EL34 zikiwa zimeanza kufanya kazi. 5U4GB na dayodi za silikoni hazisubiri hivyo. Kapasita zilizochoka hupigwa na volti zisizo na mzigo.

Kabla ya kununua, tafuta kilichoiua ile ya zamani. Pima EL34 kama zina shoti, kisha kagua kapasita ya kwanza baada ya rektifaya. Ya kiwanda ni maikrofaradi 30, na kikomo cha 5AR4 ni 60. Aliyewahi kuitengeneza akiwa ameweka kubwa kupita hapo, valvu mpya itapiga cheche ndani.

GZ34 za zamani za Mullard, zilizotengenezwa Blackburn, Uingereza, zina sifa nzuri na bei kali. Kwa maoni yangu, 5AR4 mpya ya mtengenezaji anayeaminika inatosha. Ukinunua ya zamani, tazama doa la fedha ndani ya kioo: likiwa jeupe, hewa imeingia, usiilipie.

Ukishaiweka, rekebisha bayasi upya hadi mita isome volti 1.56 kwa kila jozi ya EL34.